Dampu usiikate katikati: maneno yangu kwa watunza seva wa Dar

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi Kijitonyama mbele ya watunza seva na madevelopa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, na zile amri nilizokuwa naonyesha kwenye skrini nimezichomeka humo humo ndani ya sentensi.

Wakubwa shikamooni, wenzangu na wadogo zangu habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika, najua kuna waliotoka Mbagala na waliotoka Bunju na wengine wamevuka na pantoni asubuhi hii, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimekuja na jambo moja. Seva nyingi za Linux ninazoingia hapa mjini, iwe ya SACCOS, ya hospitali, ya duka la jumla, nakuta suala la koa dampu, yaani faili la memori ya programu ambalo Linux inaliandika programu ikifa vibaya, limemalizwa kwa njia moja kati ya mbili: ama limezimwa kabisa kwa mstari mmoja ambao mtu aliukopi mahali, ama limewekewa limiti ya saizi yenye namba ya katikati, giga moja, giga mbili, mtu akaona hapo ameweka sawa. Mimi nataka niwashawishi leo kwamba ile namba ya katikati ndo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko sifuri na mara nyingine mbaya kuliko kuacha wazi kabisa, na kwamba dampu inapunguzwa kwa kuchagua nini kiingie ndani yake na yenyewe ikae wapi. Kuikata tu ni kujinyima.

Tuanze na kinachotokea. Programu ikifanya kitu kisichovumilika, imegusa memori isiyo yake, au imegundua yenyewe kwamba mambo yake ya ndani yameharibika ikaamua kuita abort, inapigwa signali, yaani ishara ya kuimaliza. Namba 11 mnaijua wote, SIGSEGV, ndo maana kontena lako likifa unaona eksiti kodi 139, ni 128 ukajumlisha 11. Ipo 6 ya SIGABRT, ipo 3 ya SIGQUIT ambayo unaituma mwenyewe ukibonyeza Ctrl na ule mkwaju wa kurudi nyuma kwenye tamino. Kwa signali za aina hiyo keneli, yaani moyo wa Linux, kabla haijaimaliza ile prosesi, inachukua memori yake na kuiandika kwenye faili, pamoja na hali ya kila thredi ilipokuwa imefikia, ili mtu aje aifungue baadaye na gdb, zana ya kudibagi, aone ilikufia mstari gani na vigezo vilikuwa na thamani gani.

Saizi ya faili hilo haina uhusiano na ukubwa wa programu yako kwenye diski. Programu inaweza kuwa mega 12, lakini kama wakati inakufa ilikuwa imeshika giga 40 za memori, tegemea kitu kinachokaribia hizo giga 40. Hapa ndo watu wengi hawafikirii, mtu anapanga seva yenye RAM giga 64 halafu patisheni ya ruti anaipa giga 50, yaani ameshatengeneza seva ambayo haina mahali pa kuweka dampu hata moja ya programu yake kubwa.

Na haiji moja. Chukua sevisi ya malipo iliyowekewa Restart=always (iwashwe upya kila ikifa) kwenye systemd, msimamizi wa sevisi za Linux. Inakufa, inaandika dampu, inawashwa, inakutana na ule ule muamala mbovu uliobaki kwenye foleni, inakufa tena. Mtu ataniambia systemd ina breki yake, kweli ipo, kwa kawaida sevisi ikiwashwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10 inaachwa imelala, lakini sevisi inayochukua sekunde nne kuamka na kufika kwenye ule muamala haitaigusa hiyo breki, itazunguka usiku mzima, na kama jina la faili limewekewa PID, namba ya prosesi, basi kila mzunguko unaacha faili lake jipya. Asubuhi diski imejaa na hapo tatizo si la ile sevisi peke yake tena. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika WAL, logi yake ya mabadiliko, inaweza kupaniki na kujizima, nyaraka zao wenyewe zinasema hivyo. Logi haziandikwi, bakapu inafeli, wateja wamejipanga dirishani hawahudumiwi, na wewe unaamshwa.

Halafu kuna muda, ambao watu hawauhesabu kabisa. Prosesi inayoandikiwa dampu bado haijaondoka, soketi zake ziko wazi, poti imeshikwa, ile mpya haiwezi kuchukua nafasi mpaka uandishi uishe. Diski inayoandika mega 150 kwa sekunde inahitaji kama dakika nne na nusu kumaliza giga 40. Mwisho wa mwezi, mishahara inaingia, dakika nne na nusu huduma iko chini kwa sababu tu ya kuandika faili.

Kwa hiyo mtu anayeandika ulimit -c 0, yaani limiti ya dampu iwe sifuri, na kwenda zake namwelewa kabisa. Red Hat wenyewe kwa miaka waliweka kwenye /etc/profile mstari wa ulimit -S -c 0. Lakini tuangalie umepoteza nini. Bagi zinazoua programu kwa namna hii mara nyingi ni zile zinazotokea mara moja moja, kwenye uzalishaji tu, mzigo ukiwa mkubwa, thredi mbili zikigongana, na developa akijaribu kwenye laptopu yake haioni, anakujibu kwangu inafanya kazi. Hasemi uongo. Ushahidi pekee wa kilichotokea ulikuwa kwenye memori ya ile prosesi na wewe umeiambia keneli iutupe. Mtaishi na hiyo bagi, mtaizoea, mtaweka kron ya kuwasha upya kila saa nane usiku, na mwaka utapita. Nimeziona kron za namna hiyo nyingi sana hapa Dar na zinaniuma, kwa sababu nyuma ya kila moja kuna kosa ambalo lingeweza kupatikana ndani ya nusu saa kama dampu moja nzima ingekuwepo.

Nikasema nzima. Sasa tuje kwenye namba ya katikati.

POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inasema wazi, RLIMIT_CORE, ndo hiyo limiti ya saizi ya dampu, ikiwa sifuri faili lisitengenezwe, na kama dampu inazidi limiti basi uandishi usimame pale limiti ilipofika. Linux inafanya hivyo hivyo, inakata. Haikai kufikiria kipi cha muhimu kitangulie. Kwa kawaida inaandika vipande vya memori kwa mpangilio wa anwani, za chini kwanza, za juu mwisho, na kwenye mashine za x86-64 staki ya thredi kuu, yaani orodha ya funksheni zilizokuwa zinaitana, inakaa juu kabisa karibu na mwisho wa nafasi ya anwani, wakati hipu, lile limwili kubwa la data, iko chini. Umeona kinachotokea? Umeweka giga mbili, zile giga mbili zote zinajazwa na hipu, na staki, ambayo labda ni kilobaiti mia na kitu, ambayo ndo ilikuwa na jibu lote la swali la programu ilikuwa inafanya nini, inabaki nje. Unafungua na gdb inakuonya kwamba dampu imekatwa, ilitegemea kiasi fulani imekuta pungufu, unaandika bt, amri ya kuonyesha staki, unaambiwa haiwezi kusoma memori kwenye anwani fulani. Ni kama kumpelekea daktari picha ya eksirei iliyokatwa pale pale mfupa ulipovunjika. Na giga mbili za diski zimeliwa vilevile, na ikifa mara kumi ni giga ishirini za mafaili ambayo hayamsaidii mtu yeyote.

Ndo maana nasema mbaya kuliko sifuri. Sifuri angalau haijidai, unajua huna kitu.

Na hiyo namba yenyewe mara nyingi siyo hata uliyodhani umeweka. Kwenye bashi ulimit -c inahesabu kwa vipande vya baiti 1024, lakini bashi hiyo hiyo ikiwa kwenye modi ya POSIX inahesabu kwa 512, na dash, ambayo ndo /bin/sh ya Debian na Ubuntu, nayo ni 512. Kwa hiyo ulimit -c 2000000 ukiijaribu kwenye tamino yako ni kama giga mbili, ukiihamishia kwenye skripti inayoanza na /bin/sh imekuwa giga moja bila neno lolote kubadilika. Kwenye /etc/security/limits.conf namba ya core ni kilobaiti. Kwenye systemd LimitCORE ni baiti, ingawa unaruhusiwa kuweka M au G mwishoni, na naomba muweke. Namba moja, mahali pengi, maana tofauti, na hakuna anayekuonya.

Tuzungumze limiti inafika wapi, maana hapa pia watu wanapotezana. Limiti ziko mbili, laini na ngumu. Laini ndo inayofanya kazi, na prosesi yoyote inaweza kuipandisha yenyewe mpaka kufika ile ngumu. Ngumu ukiishusha bila kuwa ruti huwezi kuirudisha juu. Ukiandika ulimit -c 0 bila kusema ipi unashusha zote mbili kwa mpigo, halafu mtumiaji wako akitaka kudibagi mchana anashindwa na hajui kwa nini. Andika ulimit -S -c 0 kama unataka kuzima kwa kawaida ila uache mlango.

limits.conf inasomwa na PAM, mfumo wa kuthibitisha wanaoingia, yaani mtu anapoingia, kwa ssh, kwa su, kwenye konsoli. Sevisi inayowashwa na systemd haipiti PAM hivyo, kwa hiyo mistari yako mizuri ya limits.conf haiigusi kabisa. Na systemd, PID 1, kwenye distro nyingi inajiwekea RLIMIT_CORE isiyo na mwisho na watoto wake wanairithi. Kwa hiyo kuna seva nyingi ambapo adimini ana uhakika dampu zimezimwa, na akiingia na kuandika ulimit -c anaona sifuri kweli, lakini sevisi zote zinazohudumia wateja ziko wazi kabisa. Kitu kingine kidogo, nyota kwenye limits.conf haimhusu ruti, ruti lazima umtaje kwa jina lake.

Njia ya kujua ni kuiuliza prosesi yenyewe. cat /proc/PID/limits, tafuta mstari wa Max core file size, utaona laini na ngumu ya hiyo prosesi inayokimbia sasa hivi. Ukitaka kuibadilisha bila kuizima, prlimit --pid namba yake --core=0, na imekubali hapo hapo. Kwa kudumu, nenda kwenye yuniti ya sevisi, faili lake la mipangilio la systemd, uweke LimitCORE, au DefaultLimitCORE kwenye system.conf kwa zote.

Halafu kuna hili ambalo nataka mlisikie vizuri hata kama mengine mtayasahau. Angalia /proc/sys/kernel/core_pattern, inayosema dampu iende wapi. Ikianza na jina la faili, limiti inafanya kazi kama nilivyoeleza. Ikianza na ule mstari wa wima, wa bomba, basi keneli haiandiki faili, inaimwagia programu nyingine ile dampu, na hapo keneli haisimamii RLIMIT_CORE kama limiti ya saizi. Ile programu inayopokea ndo inaamua. Ubuntu kwa kawaida imeweka apport, programu yake ya kupokea krashi, na mafaili yanaenda /var/crash. Distro nyingi nyingine zimeweka systemd-coredump, na huyu kwa hiari yake anaangalia limiti ya prosesi iliyokufa na kuiheshimu. Ukiandika skripti yako mwenyewe ya kupokea, hakuna wa kukusaidia, utakachokipokea ni chote. Na kwa wenye kontena, core_pattern ni moja kwa mashine nzima, kontena halina yake, kwa hiyo ukiibadilisha kwa ajili ya kontena moja umebadilisha kwa wote wanaoishi kwenye hiyo hosti.

Sasa nifanyeje, mtaniuliza. Mimi naanza ndani ya dampu yenyewe.

Kila prosesi ina /proc/PID/coredump_filter, ipo tangu Linux 2.6.23, na kazi yake ni kusema aina gani za memori ziandikwe. Kwa kawaida thamani yake ni 0x33, maana yake memori binafsi isiyo na faili, memori ya kushirikiana isiyo na faili, vichwa vya mafaili ya programu (ELF), na kurasa kubwa za binafsi. Chukua PostgreSQL yenye shared_buffers ya giga 16. Hiyo ni memori ya kushirikiana, kila bakendi, prosesi inayohudumia muunganisho mmoja, inaiona, bakendi moja ikifa dampu yake inaburuta kila ukurasa ulioguswa wa zile giga 16, ambao kwa kutafuta bagi ya bakendi mara nyingi sana hauna kazi. Ukiweka 0x31 umetoa hiyo sehemu ya kushirikiana, staki imebaki, hipu ya prosesi imebaki, na dampu imeshuka kutoka giga nyingi mpaka mega. Faili ni nzima, halijakatwa, gdb inalisoma bila malalamiko. Thamani hiyo inarithiwa na watoto, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye skripti ya kuanzishia, na systemd kuanzia 246 ina CoredumpFilter= kwenye yuniti kabisa.

Kama programu ni yenu wenyewe mnaiandika, kuna zaidi. madvise na MADV_DONTDUMP, ipo tangu Linux 3.4, unaiambia keneli eneo hili usiliandike. Kashe yako ya giga 20 ambayo ni nakala tu ya kilichoko kwenye databesi, iweke hapo. Na bafa zinazobeba funguo na PIN, ziweke hapo kwanza kabla ya kashe, nitarudi kwenye hilo.

Kwa watu wa Java, na najua mko wengi hapa, JVM ikikrashi inaandika faili la hs_err_pid ambalo ni la maandishi, dogo, lina staki na thredi na maktaba zilizopakiwa, na kwa matatizo mengi ya kwenu hilo linatosha kuanzia. Dampu ya JVM yenye hipu ya giga 32 ni mzigo, na kuanzia JDK 9 unaweza kuikataa kwa -XX:-CreateCoredumpOnCrash. Hapo sina tatizo na kuzima, kwa sababu kuna ushahidi mwingine umebaki.

Baada ya kupunguza ndani, ipe nyumba yake. Patisheni ya pembeni, au voliumu ya LVM, ya saizi unayoweza kuipoteza, halafu core_pattern ielekezwe huko, kitu kama /var/dampu/%e.%p.%t, jina la programu, PID, na muda. Ikijaa imejaa yenyewe, databesi na logi haziguswi. Hakikisha saraka ipo na mtumiaji wa ile sevisi anaweza kuandika humo, maana keneli inaandika kwa haki za yule aliyekufa, na ikishindwa inanyamaza. Weka find ya kufuta za zamani. Hiyo patisheni ndo limiti ya kweli, na ni ya jumla ya mafaili yote, ambayo ndo kitu ulichokuwa unakiogopa tangu mwanzo. ulimit haijui kuhesabu jumla, inajua faili moja moja tu.

Au tumia systemd-coredump ambaye hesabu ya jumla anaijua. /etc/systemd/coredump.conf, MaxUse ni jumla inayoruhusiwa, bila kuweka chochote ni asilimia 10 ya diski, KeepFree ni nafasi anayoiacha, asilimia 15, na akifika hapo anaanza kufuta za zamani. Kinachonifurahisha kwake zaidi ni kwamba anasoma dampu pale pale na kuandika staki kwenye jenali, logi ya systemd. Kwa seva ndogo, ile ya klaudi ya giga 20 ya diski, weka Storage=none, dampu haitabaki ila staki itaandikwa kwenye jenali. Umepata sehemu kubwa ya jibu kwa kilobaiti chache. Kama leo ungeniruhusu nibadilishe kitu kimoja tu kwenye seva zenu zote zenye ulimit -c 0, ningebadilisha hiki.

Nilisema nitarudi kwenye funguo. Dampu ni memori, na memori ya sevisi ya malipo ina paswedi ya databesi, ina ufunguo wa TLS, ina namba za simu za watu na majina yao na salio na PIN ambayo mtu ameituma sekunde ile ile. Keneli inaliandika faili likiwa la mmiliki tu kusoma, vizuri, halafu sisi tunafanya chmod 644 ili developa alichukue, tunaliweka kwenye fleshi, tunalituma Telegram. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mteja zilizomo ndani ya dampu ni taarifa binafsi kama zilizomo kwenye databesi. Yule mama anayetuma ada ya mtoto kwa simu hakukubali hata siku moja kwamba namba yake iende kwenye laptopu ya mtu Sinza kwa sababu programu ilikrashi.

Na hata wakubwa yanawafika. Mwaka 2023 kundi ambalo Microsoft wanaliita Storm-0558 liliingia kwenye barua pepe za mashirika kama 25, zikiwemo ofisi za serikali ya Marekani, kwa kutumia ufunguo wa kusainia wa Microsoft. Septemba 2023 Microsoft wakaandika kwamba ufunguo huo uliingia kwenye dampu ya krashi ya Aprili 2021, dampu ikahamishwa kutoka mtandao uliofungwa kwenda mazingira ya kudibagi. Machi 2024 wakarekebisha maelezo, wakasema hiyo dampu yenye ufunguo hawajaiona na inabaki dhana yao. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba kampuni ya ukubwa ule iliona hiyo njia inawezekana kiasi cha kuitaja hadharani. Na kwetu hizo dampu hazihitaji hata kutoka kwenye mtandao uliofungwa, ziko kwenye /tmp.

Kwa hiyo usisafirishe dampu kama huna lazima. Gdb iwepo kwenye seva au kwenye mashine ya pembeni ndani ya ofisi hiyo hiyo, toa thread apply all bt, soma kwa macho kwanza kama hakuna data ya mteja kwenye vigezo, halafu tuma hayo maandishi. Ni kilobaiti chache, hata bando la simu linatosha, na venda akiwa Bangalore au Nairobi anaanza kazi leo badala ya kusubiri giga 40 zipande usiku kucha kwa laini ya ofisi. Alama za kudibagi, zenye majina ya funksheni na mistari, zitunzeni kila mnapotoa toleo, la sivyo bt itawapa anwani tupu.

Kulikuwa na maswali, nayaweka mawili.

Dada mmoja aliuliza mbona ls inamwonyesha dampu ya giga 30 kwenye diski iliyobakiza giga 10. Ni kwa sababu faili lina mashimo, kurasa ambazo hazikuwahi kuguswa keneli inaziruka bila kuziandika. ls inaonyesha urefu, du inaonyesha kilicholiwa. Kuwa makini unapolihamisha, tumia cp --sparse=always, au rsync -S, au tar -S, vinginevyo mashimo yanajazwa sifuri na faili linavimba kweli kwenye mashine ya pili.

Kaka wa nyuma kabisa akauliza atajuaje mipangilio yake inafanya kazi bila kuiua sevisi ya wateja. Kwenye sheli yako, ulimit -c unlimited, halafu sleep 1000 &, halafu kill -SEGV %1. Angalia core_pattern inaelekeza wapi uende ukalitafute faili hapo, au coredumpctl list kama ni systemd. Hiyo imekuthibitishia upande wa sheli tu. Kwa upande wa sevisi, tengeneza yuniti ndogo ya majaribio yenye ExecStart ya sleep, iwekee LimitCORE na CoredumpFilter zile zile za sevisi ya kweli, iwashe, ipige SEGV, halafu fungua faili na gdb uandike bt. Ikionyesha staki bila onyo kwamba dampu imekatwa, hamishia mipangilio kwenye sevisi yenyewe, na usiku huo huo soma /proc/PID/limits ya ile inayokimbia.